Huduma ya kumtunza mtu mzima nyumbani, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa familia zenye mzazi, ndugu au jirani asiyejiweza anayetunzwa nyumbani: aliyepigwa na kiharusi, mwenye ulemavu, mwenye maradhi ya kusahau, au mzee ambaye miguu imekataa. Yanamhusu mhudumu wa kulipwa sawasawa na mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka shamba kuja kumwangalia bibi.

Nikiingia nyumbani, nianze kuangalia nini?

Visigino. Usianze na sakafu wala shuka, kwa sababu sakafu hupigwa deki na shuka hubadilishwa ndani ya robo saa ikijulikana kuwa mtu anakuja. Ngozi haitayarishwi kwa robo saa.

Omba ruhusa kwa mwenyewe, funga mlango, mfunike kanga sehemu zote usizoziangalia, kisha pita kwa utaratibu: visigino na vifundo vya miguu, nyonga mbili, mfupa wa mkia, mabega, viwiko, nyuma ya kichwa na masikio. Halafu mikunjo: kwapa, chini ya maziwa, mapajani, baina ya vidole vya miguu. Huko ndiko jasho na fangasi hujificha, khasa kipindi cha joto la Kaskazi. Malizia kinywani. Ulimi wenye utando mweupe, midomo iliyopasuka, au meno ya bandia ambayo hayajatolewa kuoshwa kwa siku kadhaa hueleza mengi kuhusu asubuhi za nyumba hiyo.

Jambo moja la mwenyeji: chumba kilichofukizwa udi kinanukia vizuri na ni heshima kwa mgonjwa, lakini udi si ushahidi wa usafi. Nyanyua shuka, weka kiganja juu ya godoro pale kiuno kinapolala, kisha nusa kiganja chako. Godoro la usufi au la sponji lisilo na mpira juu yake hunywa mkojo na kubaki na ubichi ndani hata shuka ikiwa kavu kabisa.

Mzee wetu ana kidonda cha kulalia. Je, hiyo ni dalili ya uzembe?

Mara nyingi ndiyo, si kila mara. Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapobana ngozi kwenye godoro hadi damu isipite. Kwa mtu dhaifu, asiyekula vizuri, au mwenye kisukari, saa chache zinatosha. Huenda alitoka nacho hospitali. Ndiyo maana ukaguzi wa siku ya kwanza ni muhimu: andika kila alama uliyoikuta, mahali ilipo, ukubwa wake kwa sentimita na tarehe. Bila maandishi hayo, baada ya mwezi mtabaki kulaumiana.

Kidonda huanza kama alama tu. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko pembeni yake, au yenye zambarau, yenye joto kuliko jirani yake, ngumu au iliyobonyea ukigusa, au inayouma. Kwenye ngozi nyeupe kidogo, bonyeza kwa kidole sekunde tatu uachie: alama isiyofifia ni kidonda cha hatua ya kwanza, hata kama ngozi haijapasuka.

Sasa uliza mhudumu anafanya nini. Jibu zuri lina saa ndani yake: anamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Akiwa kitini, anamnyanyua au kumsogeza angalau kila saa moja. Anapomlaza ubavu hamlazi moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga. Anamwinamisha kidogo na kuweka mto mgongoni. Chini ya mashavu ya miguu anaweka mto ili visigino vining'inie visiguse godoro. Omba akuonyeshe. Anayefanya kila siku hatafuti mto, anajua ulipo.

Yapo mambo matatu yanayofanywa kwa nia njema na yanaharibu. La kwanza ni kuichua sehemu iliyokoza rangi kwa mafuta ya nazi. Kupaka ngozi kavu mafuta ni sawa, lakini kusugua juu ya mfupa pale palipobanwa kunachana mishipa midogo iliyokwisha kuumia. La pili ni kumkalisha juu ya mduara wa nguo au mpira wa tairi: katikati panapumua, lakini ukingo unakaba damu pande zote. La tatu ni kumwagia unga wa kapsuli kwenye kidonda. Unga huganda juu, usaha unabaki chini. Kidonda kilichopasuka huoshwa kwa maji ya chumvi safi, hufunikwa, na huonwa na muuguzi. Kikitoa harufu, kikiwa cheusi, au mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anakula vya kutosha? Hatuna mizani.

Tumia futi ya fundi cherehani. Pima mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chagua mkono usiopooza na upime huo huo kila mwezi. Ukikuta chini ya sentimita 23.5, huenda uzito wake umeshuka chini ya unaofaa, aonwe na daktari. Mkiwa na mizani, hesabu ni hii: mtu wa kilo 50 akipungua kilo 2.5 ndani ya mwezi mmoja, au kilo 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hilo ni tatizo hata kama uso unaonekana umejaa.

Kaa mpaka chakula kiletwe, ukiangalie kinavyoliwa. Mtu wa kiharusi anatakiwa akae wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, apewe kijiko kidogo, amalize kumeza ndipo kije kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akikohoa wakati wa kula, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kinaingia njia ya hewa. Homa ya mapafu huanza hivyo. Boko boko lililopondwa vizuri linamezeka kuliko wali na mchuzi mwepesi, kwa sababu kitu kizito cha aina moja hakikimbii kooni. Samaki atolewe miiba kwa vidole, si kwa macho.

Mhudumu anasema bibi hapendi maji. Nikubali?

Usikubali haraka. Hii ni kasoro inayojificha kuliko zote: maji hupunguzwa ili anayetunzwa asikojoe sana, hasa usiku, na hasa nyumba ikiwa na mhudumu mmoja aliyechoka. Haifanywi kwa ukatili kila mara. Lakini matokeo ni choo kigumu, mkojo unaochoma, kizunguzungu, na mara nyingi mzee anaanza kupayuka ghafla na watu wanadhani akili imeondoka au ana shetani.

Kipimo ni bilauri sita hadi nane kwa siku, kama lita moja na nusu, tukihesabu chai, uji, supu na dafu. Mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kiwango alichopewa na daktari wake. Angalia rangi ya mkojo: ukifanana na chai ya rangi iliyokolea, maji hayatoshi. Angalia pia bilauri ilipo. Bilauri iliyojaa mezani, mbali na mkono unaofanya kazi, ni sawa na kumnyima. Wengine husaidika wakipewa maji mengi asubuhi na mchana, yakapunguzwa baada ya Isha.

Dawa nizikague vipi?

Hesabu vidonge. Kama kopo lilikuwa na vidonge 30 tarehe mosi na dawa ni kidonge kimoja kwa siku, tarehe 11 asubuhi kabla ya dozi vinatakiwa viwe 20. Vikiwa 24, zimerukwa dozi nne. Vikiwa 16, amezidishiwa au dawa inatumiwa na mtu mwingine, jambo la kawaida katika nyumba yenye wagonjwa wawili wa presha.

Kisha fungua daftari. Kila dozi inahitaji tarehe, saa, jina la dawa, kiasi na saini ya aliyetoa. Daftari lililoandikwa wiki nzima kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari mmoja ulionyooka, limejazwa siku moja. Daftari la kweli lina doa la mchuzi na siku iliyoandikwa "amekataa, ametapika".

Mambo ya kuuliza: dawa zipi hazisagwi? Vidonge vinavyotoa dawa polepole vikisagwa kwenye uji hutoa dozi yote kwa mpigo. Aulizwe mfamasia kabla ya kusaga chochote. Na kama anatumia vidonge vya kisukari aina ya glibenklamaidi au sindano ya insulini, uliza: akikataa kula unafanya nini? Jibu la "nampa dawa zake kama kawaida" ni la hatari, kwa sababu sukari itashuka tumbo likiwa tupu. Jibu unalolitaka ni kuwa anapima kwanza na kupiga simu kabla ya kutoa dawa. Mhudumu ajue dalili za sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na kwamba chini ya milimoli 3.9 anapewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda haifai tena. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne ikiwa joto halipiti nyuzi 30. Chumba cha bati mchana wa Januari kinapita hapo. Pasipo friji, au umeme unapokatika kila mara, iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowana, kivulini. Mhudumu aliyefikiria hilo mwenyewe ni mtu wa kumshika.

Amewekewa mpira wa mkojo. Kipi kinachoharibika mara nyingi?

Mfuko huwekwa mahali pabaya. Uwe chini ya kiuno muda wote, hata anapohamishwa, vinginevyo mkojo hurudi ndani. Na usiguse sakafu. Umwagwe kabla haujajaa, ukifika kama theluthi mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Angalia kama mpira umebanwa na paja au umekunjika: mkojo ukiacha kutoka saa kadhaa na tumbo la chini likavimba, hiyo ni dharura.

Nitajuaje kama mhudumu anajua kumnyanyua na kumvalisha mtu wa kiharusi?

Mwombe amvalishe kanzu au dera mbele yako. Anayejua huanza kuvalisha mkono uliopooza, na anapovua huanza na mkono mzima. Anayeanza kinyume atalazimika kuuvuta mkono dhaifu, na bega lililolegea hutoka mahali pake kwa mvuto mdogo tu. Baada ya hapo kila anapoguswa analia, na watu husema ni mkali.

Hali ni hiyo hiyo katika kumnyanyua: hashikwi kwapani wala havutwi mkono. Miguu ikanyage chini, mwili uinamishwe mbele, mhudumu amshike kiunoni na asimame naye pamoja, akiwa upande uliodhoofu. Kanga imara au shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo husaidia watu wawili kumsogeza kitandani bila kuburuza ngozi.

Kuhusu nyumba yenyewe?

Tembea njia ya kutoka kitandani hadi msalani, usiku, taa ikiwa imezimwa. Utaona mwenyewe: kizingiti cha mlango, busati lililokunjika, vigae vyenye maji, ndoo katikati ya njia. Taa ndogo ya kuchaji, kamba au bomba la kushika ukutani, na kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinachowekwa juu ya tundu la choo cha kuchuchumaa ni vitu vya gharama ndogo vinavyozuia kuvunjika nyonga.

Stara na ibada vina nafasi gani katika ukaguzi?

Kubwa. Mama aliyejistiri miaka 70 kuoshwa na kijana wa kiume asiye maharimu wake ni kuumizwa, hata kama maji yalikuwa ya uvuguvugu na sabuni nzuri. Ulizeni kabla: nani atamwosha, nani atambadilisha nepi, na huyo akiumwa nani atachukua nafasi? Mlango unafungwa? Anasemeshwa kabla ya kufunuliwa?

Kuhusu swala, mhudumu anatakiwa ajue saa za mzee wake, amsaidie kutia udhu au amwekee udongo safi wa kutayamamu, na amgeuzie kitanda au kiti kibla. Mwenye mpira wa mkojo hazuiwi kuswali. Wengi huacha kwa kudhani hivyo, na huzuni yake huonekana kama ugonjwa. Ramadhani nayo ipangwe na daktari wiki kadhaa kabla, khasa kwa mwenye kisukari. Akifunga na sukari ikashuka chini ya 3.9, afungue pale pale.

Anayemtunza ni dada yetu. Nimkague vipi bila kumvunjia heshima?

Anza na yeye. Muulize analala saa ngapi, mara ya mwisho alitoka lini nyumbani, mgongo unamuuma? Ndugu anayetunza peke yake kwa miezi bila kupokewa huchoka, na kazi ya mtu aliyechoka haiwi nzuri hata akiwa na mapenzi ya aina gani. Kama kugeuza kwa usiku kunarukwa, huenda jawabu ni mtu wa pili wa kuanzia saa nne usiku, wala si karipio.

Kagueni pamoja: "Dada, tumwangalie mama mgongo wote wawili." Daftari liwe la nyumba nzima, kila anayeingia zamu aandike. Likiwa la wote, halimlengi mmoja.

Mgonjwa hasemi, au amepoteza kumbukumbu. Nimuulize nani?

Muulize yeye, kwa maswali ya ndiyo na hapana, mhudumu akiwa nje. Kubana kidole mara moja au kufumba macho kunatosha. Mwenye maradhi ya kusahau huenda asikumbuke alikula nini, lakini hisia hubaki: angalia uso na mabega yake mhudumu anapoingia chumbani. Akilegea, ni jambo jema. Akijikunja, au akiangalia mlango kabla ya kujibu swali lako, rudi siku nyingine bila taarifa.

Alama zipi zinaashiria kuonewa?

Ngozi ya mzee huvilia damu kirahisi, zaidi akitumia aspirini, kwa hiyo doa kwenye ugoko au juu ya mkono wa chini si ushahidi. Yanayotia shaka ni madoa upande wa ndani wa mkono wa juu yaliyopangana kama vidole, alama shingoni, kifuani au mapajani, na michirizi ya kamba kwenye vifundo. Kumfunga kitandani "asianguke" ni kumdhulumu. Vile vile kumfungia ndani kwa kufuli na kwenda sokoni: moto ukizuka hana pa kutokea.

Fedha nazo zikaguliwe. Pencheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofikia miaka 70, na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023, ni haki ya mzee mwenyewe. Ikichukuliwa na mtu kwa niaba yake, andikeni nani, lini, na imenunua nini. Fedha zikichukuliwa kila mwezi na nepi zikawa hazipo kila mwezi, kuna swali la kuuliza.

Niko Maskati, au Dar es Salaam. Nikague vipi kwa simu?

Piga simu ya video kwa nyakati tofauti, mara moja wakati wa kula na mara moja mapema asubuhi. Usiridhike na uso. Omba uonyeshwe visigino, bilauri, ukurasa wa leo wa daftari na vidonge vikihesabiwa juu ya sahani. Mwili usionyeshwe wala kupigwa picha bila ridhaa ya mwenyewe, na picha ya kidonda isizunguke kwenye kundi la familia. Kisha mpate mtu mmoja mtaani, asiyelipwa na mhudumu, aingie mara moja kwa wiki.

Kabla ya kumwajiri mtu, nimuulize nini?

Akijitambulisha kuwa muuguzi, aonyeshe usajili wake wa Baraza la Wauguzi na Wakunga. Asiye muuguzi anaweza kuwa mhudumu mzuri sana, lakini asichome sindano wala kubadilisha mpira wa mkojo bila kufundishwa na kusimamiwa. Wasiliana na familia mbili alizowahi kufanya kazi. Mpeni siku saba za majaribio zenye malipo, pamoja na mtu anayemjua mgonjwa.

Andikeni makubaliano: saa za kazi, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe yake, kazi zinazohusu mgonjwa na zisizohusu. Mhudumu anayepikia watu tisa na kufua nguo za nyumba nzima hawezi kumgeuza mgonjwa kila saa mbili. Hapo kosa ni la mwenye nyumba.

Nikikuta kasoro niende wapi?

Inategemea. Kosa la kutojua, kama mto kuwekwa vibaya, hurekebishwa pale pale na kuangaliwa tena baada ya siku mbili. Kidonda kipya, homa, kuanguka au kuchanganyikiwa kwa ghafla ni kituo cha afya au hospitali leo, si kesho. Kwa Pemba, hospitali zipo Chake Chake, Wete, Micheweni na ya Abdalla Mzee pale Mkoani.

Kupigwa, kufungwa, kunyimwa chakula, kuibiwa au kudhalilishwa: kwanza muondoe kwenye hatari, asiachwe peke yake na anayetuhumiwa. Kisha taarifa iende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Sheha ajulishwe, lakini yasiishie kwake kwa suluhu ya kifamilia. Kama kuna udhalilishaji wa kingono, asioshwe na nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Nikague mara ngapi?

Ngozi ikaguliwe kila siku na anayetunza, wakati wa kuosha. Daftari na vidonge vikaguliwe kila wiki na mwanafamilia. Futi ya mkono kila mwezi. Na mara moja kwa mwezi aingie mtu bila taarifa, kwa saa tofauti: mara baada ya Alfajiri, mara saa nane mchana ambapo nyumba nyingi zimelala, mara saa tatu usiku. Akitoka hospitali, akianguka, au akibadilishiwa mhudumu, anzeni tena kwenye visigino siku hiyo hiyo.